Mwongozo wa mafundi wapya: jedwali la kulinganisha RIP, OSPF na BGP likae mwanzoni au liondoke?

ziwani_net ameuliza:

Habarini wakuu.

Nipo Mwanza, kwenye kampuni ndogo ya intaneti. Wateja wetu ni maduka, shule, zahanati na hoteli chache kandokando ya ziwa. Mjini tuna fiba, kuelekea Magu na Sengerema ni redio za mnara kwa mnara, na ruta karibu zote ni MikroTik. Nimepewa kazi ya kuandika mwongozo wa Kiswahili kwa mafundi wanaoanza kazi. Vijana wenyewe si wageni wa kazi za mikono: wanapanda mnara, wanalenga redio, wanafunga vichwa vya RJ45 bila kukosea rangi. Ila ukimuuliza mmoja wao kwa nini paketi ya mteja wa Sengerema inazunguka njia ndefu wakati njia fupi ipo, anakosa pa kuanzia.

Sura ya kwanza imekwisha: anwani za IP, subnet, getiwei. Sura ya pili ndiyo imeleta mjadala. Nimeifungua kwa jedwali la itifaki tano za kuelekeza paketi, yaani lugha ambazo ruta zinatumia kuambiana njia: RIP, EIGRP, OSPF, IS-IS na BGP. Kila moja nimeiandikia mwaka ilipotoka, algorithimu yake, kipimo inachochagulia njia, muda mtandao unaochukua kutulia laini ikikatika, na ukubwa wa mtandao unaoifaa. Baada ya hapo ndipo naanza kueleza OSPF, maana ndiyo tunayoitumia ndani. Mwishoni kuna kurasa mbili za BGP, kwa sababu tuna namba yetu ya AS (inayoutambulisha mtandao wetu kwa mitandao mingine) na watoa huduma wawili juu yetu.

Wakubwa zangu wawili kazini wamesoma na hawakubaliani. Mmoja anataka jedwali litoke lote, anasema linamchosha mtu kabla hajaona ruta hata moja. Mwingine anasema fundi asiyejua OSPF inatofautiana vipi na RIP bado hajaijua OSPF. Wote nawaheshimu, na kila mmoja akiongea naona ana hoja.

Nauliza: kwenye mwongozo wa mwanzo kabisa, inafaa kulinganisha itifaki hizi? Kama inafaa, ulinganisho ukae wapi? Mwongozo utachapishwa na kuwekwa kwenye kila gari la mafundi, kwa hiyo sitaki kuja kuubadilisha kila mwezi.

---

mwalimu_wa_nyaya amejibu:

Mkuu, liache palepale lilipo. Mimi nafundisha mitandao chuoni. Mwanafunzi anayeanza na picha nzima anajua kila kitu kinakaa wapi. Anayeanza na itifaki moja anadhani dunia yote ni hiyo.

Halafu kijana hatakaa kwako milele. Kesho ataajiriwa kwingine akute ruta za Cisco na EIGRP, au atake kufanya mtihani wa cheti, na mitihani hiyo inapenda sana maswali ya kulinganisha. Kwenye jedwali lako ongeza pia namba za kuaminika kwa njia, zile wanazozitumia Cisco: njia ya kuandika kwa mkono 1, BGP ya nje 20, EIGRP 90, OSPF 110, RIP 120. Akizishika hizo anajua ruta itachagua njia ipi, ndogo ndiyo inashinda. Kurasa chache tu, faida ya miaka.

---

mama_ruta amejibu:

Ndugu wa ziwani, nimefanya kazi ya njia za mtandao hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na miongozo ya aina hii nimeisoma ya kutosha. Ushauri wangu: liondoe jedwali mlangoni. Ulinganisho una kazi pale ambapo msomaji ana jambo la kuchagua, na fundi wako mpya hachagui itifaki. Ameikuta OSPF inatembea na anatakiwa aiache inatembea. Ukimpa itifaki tano siku ya kwanza, atajua majina matano na hatajua kusoma ruta iliyo mbele yake.

Mstari unaonisumbua zaidi ni wa BGP. Ukiiweka chini ya OSPF kwenye jedwali moja, na safu ya "muda wa kutulia" ikionyesha kwamba inachelewa, msomaji ataelewa kwamba hizi ni bidhaa mbili za kazi moja, na BGP ndiyo mbovu. Ni kama kumpanga dereva wa daladala na afisa wa mpakani kwenye orodha moja na kuuliza nani anafikisha watu haraka. OSPF inatafuta njia nafuu ndani ya mtandao wenye mwenyewe mmoja. BGP inabeba maamuzi kati ya mitandao ya watu tofauti: nani namtangazia anwani zangu, za nani nazikubali, trafiki yangu namlipa nani anibebee. Uharaka haukuwa lengo lake la kwanza, na haikupaswa kuwa.

Mafundi wako wengi wanaikumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikalegea vibaya. Siku kama ile fundi wa Sengerema akifungua ruta yake anakuta majirani wote wa OSPF wako hai, hali ni Full (wameshabadilishana taarifa zote), hakuna laini ya ndani iliyokatika, na mteja bado analia. Kijana aliyefundishwa ndani na nje ataangalia upande wa watoa huduma wa juu. Kijana wa jedwali ataanza kuzima na kuwasha redio zilizo nzima, na hao mnawajua. Tofauti hii ya ndani na nje ndiyo pekee ninayotaka ikae mwanzoni mwa sura, na aya moja inaitosha.

Sasa mwalimu, kwa heshima, hapo kwenye namba 1, 20, 90, 110, 120 nina jambo. Tazameni mistari miwili ya ruta ya MikroTik, RouterOS toleo la 7, baada ya kuandika `/ip route print`:

`As   0.0.0.0/0         192.0.2.1          1`
`DAo  198.51.100.0/24   192.0.2.9%ether2   110`

Mstari wa kwanza umeandikwa kwa mkono, ndiyo hiyo `s`. Wa pili umeletwa na OSPF, ndiyo `o`. `D` inasema umeingia wenyewe, `A` inasema unatumika. Inakuja paketi ya kwenda 198.51.100.20. Inapita wapi? Kijana aliyekariri kwamba ndogo inashinda atajibu mstari wa kwanza, maana 1 ni ndogo kuliko 110. Paketi itapita ether2, tundu la mstari wa pili. Ruta kwanza inatafuta fungu la anwani lililo mahususi zaidi, na /24 ni mahususi kuliko /0: namba ya baada ya mkwaju ikiwa kubwa, fungu ni dogo, na /0 ni anwani zote. Namba za mwisho hazikuulizwa kabisa. Zinaulizwa pale tu ambapo fungu lilelile, lenye urefu uleule, limeletwa na vyanzo viwili.

Kanuni hii haimo kwenye jedwali lolote la kulinganisha itifaki, kwa sababu si mali ya itifaki yoyote. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuifungia YouTube ndani ya nchi yake, ikatangaza 208.65.153.0/24, na tangazo likavuja nje kupitia mtoa huduma wake wa juu. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22. Ruta za dunia zikaona /24 ni mahususi zaidi, zikaifuata, na kwa takriban saa mbili video za YouTube zikawa hazifikiki sehemu kubwa ya dunia. Mwelezee kijana kisa hicho kwenye nusu ukurasa. Kitamkaa, na siku akipewa ruta ya mpakani ataandika anwani kwa uangalifu.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mistari ile miwili. Ruta moja, jedwali lake la njia, paketi moja inaingia, inatoka wapi na kwa nini. Kisha njia za kuandika kwa mkono, mpaka msomaji mwenyewe aone kwamba kwa minara mingi mkono hautoshi. Hapo ndipo OSPF inaingia kama jibu la shida aliyoiona kwa macho yake.

---

nairobi_fiba amejibu:

Mama, kwa BGP nakubali kabisa. Lakini RIP usiitupe. Nimefundisha watu wa mitandao ya kijamii hapa Nairobi, na sijapata njia bora ya kumwonyesha mtu kwa nini OSPF iko vile ilivyo kuliko kumwonyesha kwanza RIP ikishindwa.

Chukua ruta mbili, A na B. Nyuma ya A kuna mtandao mmoja. A anamwambia B: mtandao huo kwangu ni hatua 1. B anaandika 2. Laini ya mtandao ule inakatika. Kabla A hajasema, B anatuma taarifa yake ya kila sekunde 30: mimi naufikia kwa 2. A anaamini, anaandika 3. B anasikia 3, anaandika 4. Wanadanganyana hivyo mpaka 16, namba ambayo RIP inaihesabu kuwa haifikiki. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Kila mmoja anaamini habari ya jirani bila kujua jirani ameipata wapi. RIP za kazini zina kinga za kupunguza ugonjwa huu, lakini ukiuona mara moja unaelewa kwa nini OSPF inampa kila ruta ramani nzima ya eneo lake aikokotoe mwenyewe, na kwa nini kila tangazo la BGP linabeba orodha ya AS zilizopitiwa.

Huo ni ulinganisho, na ni wa mwanzo kabisa. Ninachokataa ni jedwali lenye miaka na majina ya algorithimu. RFC 1058 ya RIP (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) ilitoka 1988, ya kwanza ya BGP 1989. Fundi aliye juu ya mnara atafanya nini na hizo tarehe?

Na kwa BGP, mpe kisa cha kwetu pia. Kabla ya kituo cha kubadilishana trafiki cha KIXP kusimama sawasawa mwaka 2002, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda nyingine hapahapa Nairobi ilikuwa inapanda setilaiti, inakwenda ng'ambo na kurudi. Hakuna algorithimu ya njia fupi ambayo ingeitatua. Ilibidi watu wakae mezani, wakubaliane, waweke swichi moja ya pamoja, kisha BGP iandike makubaliano yao.

---

fundi_wa_usiku amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye msomaji mnayemzungumzia, nipo mwaka wa kwanza kazini, Dodoma.

Kinachonitokea kazini ni hiki: nimebadilisha redio, nimerudisha waya, jirani wa OSPF anafika ExStart, hatua ya kabla ya kubadilishana taarifa, anakwama hapo hapo. Ping inakwenda vizuri. Kwenye vitabu vyote nilivyopewa kuna ukurasa wa OSPF dhidi ya RIP dhidi ya EIGRP, na hakuna hata kimoja kilichosema ukikwama ExStart angalia MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya pande zote mbili. Niliambiwa na kaka mmoja wa zamu kwa simu, nikaweka 1500 pande zote, ikapanda Full palepale.

Kwa hiyo naomba: kurasa mnazozipunguza kwenye ulinganisho, mtuwekee hali za jirani. Ipi ni ya kawaida, ipi ni ugonjwa, na kwa kila ugonjwa tuangalie nini kwanza. Pia 2-Way mtueleze, kwa sababu kwenye swichi yenye ruta nyingi unaona wawili wamebaki 2-Way (wanaonana tu, hawabadilishani ramani), ukidhani ni tatizo unaanza kuharibu kitu kizima.

---

mama_ruta amejibu:

Marahaba mwanangu. Ulichoandika kina uzito kuliko nilichoandika mimi. Ziwani, kisome mara mbili, na hali za jirani zipe ukurasa wake mzima wenye maandishi makubwa, maana utasomwa kwa tochi.

Ndugu wa Nairobi, kisa chako cha A na B nakikubali, na kiingie. Tazama ulichofanya: umelinganisha jambo moja, kwa ruta mbili, na msomaji anaona linavyotokea. Mimi nina la pili la aina hiyohiyo, na linajibu swali la Sengerema lililoanzisha mada. Tuseme kuna redio ya zamani ya moja kwa moja, 20 Mbps, na njia nyingine inayopita mnara wa katikati kwa redio mpya za 300 Mbps. RIP inahesabu ruta tu, itachagua ile ya zamani kwa sababu ni hatua moja. OSPF inajumlisha gharama: ukiipa redio ya zamani 50 na zile mpya 10 na 10, trafiki inapita kwenye redio mpya zenye jumla ya gharama 20, ndiyo njia ndefu kwa macho na nafuu kwa mteja.

Hapo weka onyo, tena kwa wino mzito. Jedwali lako bila shaka linasema OSPF "inapima kasi ya laini". Haipimi. Inajumlisha namba iliyoandikwa kwenye intafesi. Ruta za Cisco zinaikokotoa namba hiyo kutoka kwenye kasi ya intafesi, na kwa hesabu yao ya kawaida ya 100 Mbps, laini ya 100 Mbps na ya 1 Gbps zote zinapata 1. MikroTik haikokotoi: kila intafesi inaanza na namba ileile mpaka mtu aibadilishe. Na redio yako ya 20 Mbps imechomekwa kwenye tundu la gigabiti, ruta itajuaje? Kwa vifaa vyenu, fundi aliyeamini lile jedwali ataiacha OSPF bila kuandika gharama, na itafanya kosa lilelile la RIP. Ninaogopa majedwali ya mwanzoni kwa sababu hii hasa. Sentensi iliyofupishwa mpaka ienee kwenye kisanduku inaweza kuwa ya kweli kwa kifaa cha mtu mwingine na ya uongo kwa chako.

Mwalimu, la kijana kuhama kazi ni la kweli na silipuuzi. Weka kiambatisho nyuma ya kitabu, majedwali mawili yaliyotenganishwa. La kwanza ni la ndani: RIP, EIGRP, OSPF, IS-IS. La pili ni la nje, na humo yupo BGP peke yake, kwa hiyo andika aya badala ya jedwali. EIGRP ieleze kwa mstari mmoja: ni ya Cisco, ilichapishwa kama RFC 7868 mwaka 2016, MikroTik haina. IS-IS inatumika sana kwenye mitandao ya watoa huduma wakubwa, inatosha. Muda wa kutulia usiuandike "haraka" au "polepole", andika sekunde: Hello ya OSPF (salamu kwa jirani) kila 10, jirani anahesabiwa amekufa baada ya 40, zote zinabadilishika. Mwanafunzi wa cheti atakipata anachokitaka, na fundi wa gari hatalazimika kukipitia kabla ya kufika kwenye kazi yake.

---

mwalimu_wa_nyaya amejibu:

Kiambatisho nakikubali. Bado naona mwanafunzi wa chuo anahitaji picha nzima mapema kuliko fundi wa gari, kwa sababu yeye ana mihula na huyu ana simu inaita. Kitabu hiki ni cha gari. Mfano wa mistari miwili ya `/ip route print` nauchukua darasani, mama, kwa ruhusa yako.

---

ziwani_net amejibu:

Asanteni sana wakuu, na mama shikamoo.

Nimekaa na wale wakubwa wawili tukapanga upya. Sura inaanza na ruta ya mnara mmoja na mistari miwili ya njia. Kisha njia za mkono. Kisha A na B wa Nairobi, halafu redio mbili za Sengerema na onyo la gharama. OSPF inafuata na ukurasa wa hali za jirani wa ndugu wa Dodoma. Aya ya ndani na nje iko juu kabisa, BGP imehamia sura yake na visa vya YouTube na KIXP. Jedwali liko nyuma, limepungua nusu.

Limebaki dogo. Kwenye mifano niliweka anwani zetu halisi na namba yetu ya AS ili vijana wazizoee. Naona mama umetumia 192.0.2 na 198.51.100. Nibadilishe na zangu?

---

mama_ruta amejibu:

Badilisha, tafadhali, kabla hujachapisha. Mafungu matatu yametengwa kwa ajili ya maandishi ya mafunzo tu: 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24, kwa RFC 5737. Kwa IPv6 ni 2001:db8::/32. Namba za AS za mifano ni 64496 hadi 64511, na ndefu ni 65536 hadi 65551. Kijana akinakili mfano wako neno kwa neno kwenye ruta iliyo hai, anwani hizo si za mteja yeyote, na mtoa huduma mwenye vichujio vizuri hazipokei. Anwani zenu halisi ziweke kwenye karatasi ya peke yake inayobadilishwa mnara ukiongezeka, ili kitabu kibaki kilekile. Na kwenye sura ya BGP, mfano wa kwanza kabisa wa kutangaza anwani uwe na kichujio chake ndani yake, usikiweke ukurasa unaofuata.